Bibi wa Mchana

Saa sita ya mchana, jua limekaa juu ya bati kama sufuria juu ya mafiga, Bibi Verediana alimsikia mjukuu wake akisema, "Tega."

Alikuwa uani, amenyoosha miguu kwenye kivuli cha ukuta, anasuka ukili wa mkeka. Mikono yake ikasimama. Levina alikuwa stoo, chumba kidogo walikopanga magunia ya mpunga wa mwaka jana, na humo stoo hamkuwa na mtu mwingine. Mtoto alikuwa ametoka chekechea muda si mrefu, hata sare alikuwa hajavua.

Kimya kidogo. Halafu sauti ya mtoto tena: "Sijui. Basi chukua Mlimba."

Kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi, kama cha mtu anayemsikiliza mwenzake anayesema taratibu.

Kwa nyumba nyingine jambo hilo lisingemwinua mtu. Watoto huongea na masufuria, huongea na kuku. Lakini kwa Bibi Verediana vitendawili vilikuwa na utaratibu wake, na kila mtoto wa Mlabani aliyewahi kula wali uani kwake aliujua. Vitendawili ni vya jioni, vyombo vikishaoshwa. Mmoja anatega, mwingine anajibu. Akishindwa anatoa mji: chukua Mang'ula, au chukua Mahenge. Mtegaji anaupokea mji wake, anasimulia alivyofika huko, alivyokula na kunywa, na watu wa huko walivyomshangilia, na baada ya hapo ndipo anatoa jibu. Mchana havitegwi. Ukitega mchana mama yako atapotea njia.

Hivyo ndivyo Bibi Verediana alivyoambiwa na mama yake, hivyo ndivyo alivyomwambia binti yake Jane, na Jane alipokwenda Masagati na kumwachia mtoto, hivyo ndivyo alivyomwambia Levina, huku akimfinya shavu.

"Levina," aliita. "Unatega na nani huko?"

Mtoto alichungulia mlangoni. Alikuwa na miaka sita na nusu, macho makubwa ya Jane, na pengo la meno mawili ya mbele.

"Na Bibi wa Mchana."

"Bibi yupi huyo?"

"Wa mchana," alisema Levina, kama mtu anayemweleza asiyesikia vizuri. "Wewe si ni wa jioni."

"Yukoje?"

Levina alifikiri. "Amekaa tu. Amenyoosha miguu. Anasuka."

"Anasuka nini?"

"Hasuki kitu. Mikono tu ndiyo inasuka."

Bibi Verediana aliutazama ukili mkononi mwake, akauweka chini, akamwambia mtoto avue sare aje ale.

Levina alivua sare. Kula, hakula. Aliukusanya wali upande mmoja wa sahani, akaupigapiga kwa mgongo wa kijiko, akasema ameshiba. Siku ya nne hiyo.

Jane alikuwa ameondoka Januari. Mumewe Fidelis alipata shamba Masagati, mbali huko, ukishuka treni Mlimba bado una lori la siku nzima, na hiyo ni kama barabara imekuamulia vizuri. Jane alikwenda kumsaidia kupalilia, arudi kabla ya Pasaka. Jumatano ya Majivu alipiga simu kutoka juu ya kilima, maana ndiko pekee mtandao unakoshika. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema mvua ni nyingi. Alisema, mwambie Levina namletea, na hapo simu ikafa na hicho alichokuwa analeta kikabaki hukohuko. Tangu siku ile, hakuna. Pasaka ilikuja ikapita. Waliofika kutoka Mlimba walisema daraja la mbele limekwenda na maji, lori halipiti, pikipiki haipiti. Hakuna aliyesema kuna mtu amekufa. Na hakuna aliyesema hakuna aliyekufa.

"Mama yuko njiani," Bibi alikuwa akimwambia Levina kila asubuhi wakati wa kumfunga vifungo. Mwanzoni mtoto aliuliza, njia ipi. Siku hizi hakuuliza.

Jioni ile alikwenda kwa Mwanasha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa mtu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwanasha alikuwa kibarazani anachoma vitumbua. Alisikiliza huku anavigeuza kwa kijiti.

"Mama Jane, mtoto ana upweke," alisema. "Siwema wangu alikuwa na mwenzake anaishi ndani ya kandambili ya kushoto. Miezi mitatu mwanangu anatembea na kandambili ya kulia tu, asije akamkanyaga mwenzake."

"Na huyo wa Siwema alikuwa anachukua vitu?"

"Achukue nini? Alikuwa mpole. Hata nilipoitupa ile kandambili nilijisikia vibaya."

"Huyu anachukua miji."

Mwanasha aliacha kugeuza. "Anachukua nini?"

"Anamtegea mtoto, mtoto anashindwa, anatoa mji. Nimemuuliza mtoto, kaniambia. Mahenge imekwenda. Kiberege imekwenda. Juzi ametoa Mlabani."

"Mlabani hii?"

"Hii."

"Kumbe hapa si petu," Mwanasha alisema. "Sasa nimwombe nani ruhusa ya kuchoma vitumbua." Lakini hakucheka, na kitumbua kimoja kiliungua upande. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Mama Jane, watoto wanaona. Huyo bibi ni wa upande gani? Kwenu au kwa baba yake?"

Neno hilo ndilo lililomkosesha Bibi Verediana raha. Kwa baba yake Levina kulikuwa na Brigitha, mama yake Fidelis, aliyezikwa Mahenge miaka minne iliyopita. Brigitha naye alikuwa msusi wa mikeka, na mkono mwepesi kuliko wake, hilo alilijua. Levina alipozaliwa, Brigitha alitaka aitwe Margareta. Verediana alisema Levina. Wakanuniana mwaka mzima, hata kanisani wakikaa benchi moja kila mtu anaimba kwa kuutazama ukuta wake. Halafu Brigitha akaugua akaondoka, wala hawakupata kupatana sawasawa.

Basi kesho yake mchana, Levina akiwa bombani ananawa, Bibi Verediana aliingia stoo, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akayakabili magunia.

"Brigitha," alisema. "Nimekuja kwa heri. Kama ni lile jina, mwite unavyotaka. Mwite Margareta, mimi nitaitika kwa niaba yake. Hata mikeka yako ilikuwa mizuri, nasema leo, siku ile nilisema ina mawimbi lakini haikuwa na mawimbi. Lakini mtoto mwache ale. Amekonda, Brigitha. Nikimwogesha nahesabu mbavu. Na huyo ni mjukuu wako kama alivyo wangu."

Magunia yalikaa kimya. Panya alipita. Bibi Verediana alianza kujisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyekiri dhambi.

"Bibi, unaongea na nani?"

Levina alikuwa mlangoni, uso unachuruzika maji.

"Naongea na mpunga."

"Kama unaongea na Bibi wa Mchana, hayuko huko." Mtoto aliinua kidole kilicholowa maji, taratibu. "Amekaa nyuma yako. Anasema huyo Brigitha hamjui."

Bibi Verediana hakugeuka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, amezaa sita amezika wawili, amelala dungu la kulinda mpunga huku viboko wanakohoa gizani, na hakugeuka. Alitoka stoo kwa kuutazama uso wa mtoto tu, akampangusa maji kwa ncha ya kanga, akaufunga mlango kwa nyuma kwa kuusukuma na kisigino.

Alijaribu alivyojua. Alinyunyiza maji ya baraka pembe zote nne. Alisali rozari yuko stoo, kisha yuko nje ya stoo. Alimpikia Levina wali wa nazi na samaki aina ya kitoga, mafuta yanaelea, kitu ambacho Jane mwenyewe angepanda treni kwa ajili yake. Levina alikula vijiko viwili, kwa heshima.

Jioni ya Ijumaa aliona bora amvute kwa kile alichokipenda. Vyombo vilikuwa vimeoshwa, mwanga bado upo.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," Levina alisema kwa sauti ndogo.

"Nina askari elfu. Ujanani wamesimama wima, uzeeni wanasujudu."

Hilo Levina alilijua tangu ana miaka minne. Jibu ni mpunga, nao ulikuwa umemzunguka pande zote. Lakini alitikisa kichwa.

"Hujui kweli?"

"Nikijibu vibaya nitatoa mji. Sina miji tena, Bibi. Yote kaichukua. Na Masagati kaichukua." Alilitamka jina hilo kwa kulimeza. "Mimi nilimpa. Nilishindwa, nikasema chukua Masagati. Sikukumbuka kwamba mama yuko huko."

"Ni mchezo tu, mwanangu."

"Amebakisha mji mmoja. Amesema nikimpa huo, Masagati ataiachia."

"Upi huo?"

Levina aliinua mabega. "Mimi," alisema. "Amesema hata mtu ni mji."

Bibi Verediana alimlaza kitandani mwake mwenyewe, upande wa ukutani, na mkono wake ukawa mlango. Mtoto alipumua vizuri mpaka asubuhi. Asubuhi, Jumamosi, hakukuwa na chekechea.

Alimtoa machoni dakika kumi tu. Ungo ulikuwa kwa Mwanasha, akaenda kuuchukua, wakasalimiana, Mwanasha akampa vitumbua vinne vya mtoto. Aliporudi uani, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kandambili za Levina hazikuwepo. Kitenge cha Jane, kile cha rangi ya machungwa alichokiacha kwenye msumari, hakikuwepo.

Hakupiga yowe. Aliweka vitumbua juu ya kinu, akatoka kwa njia ya nyuma.

Nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa ule palikuwa na majaruba ya mpunga, na mwaka ule mto Lumemo ulikuwa umepanda ukayafunika. Matuta yalionekana hapa na pale, mengine hayakuonekana. Bibi Verediana alikuwa na goti bovu la kulia. Alikwenda kwa goti hilohilo, matope yakamvua ndala moja, akaiacha.

Levina alikuwa majini. Maji yalikuwa yamempita magoti. Kitenge amekifunga kifurushi, amekibeba kichwani, na mkono wa kushoto umekishika. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuliwa kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, vile mkono wa mtoto unavyokaa akiwa ameshikwa na mtu mzima. Hapakuwa na mtu mzima. Mtoto alikuwa anapiga hatua ndogondogo kufuata mkono ule, na mbele yake, hatua kama nane hivi, lilikuwapo lile shimo lililochimbwa kutoa udongo wa matofali, ambalo kila mtu wa mtaa alilijua na ambalo siku ile lilikuwa maji tu kama maji mengine.

Akimwita, angeshtuka akimbie. Akimfuata, kwa goti lile, asingemfikia. Bibi Verediana alisimama kwenye tuta, akavuta pumzi, na kwa sauti yake ya jioni, ile ya vyombo vimeoshwa, akasema:

"Kitendawili."

Levina alisimama.

Aligeuza kichwa. Macho yalikuwa yamemtoka. "Bibi," alisema, "ni mchana."

"Najua. Kitendawili."

"Bibi, usitege. Ni mchana. Utapotea na wewe."

"Kuna mgeni wangu. Kila mwaka anakuja bila hodi, anaingia mpaka chini ya kitanda—"

Mtoto aliuachia ule mkono wa hewa. Alikuja mbio, maji yanaruka pande zote, kifurushi kikaanguka, akapanda tuta kwa magoti na viganja, akaifunika midomo ya bibi yake kwa mikono yake miwili yenye matope. "Nyamaza," alisema akilia. "Nyamaza, nyamaza, atakusikia."

Bibi Verediana alikaa chini palepale kwenye tuta, mtoto mapajani. Hakuondoa mikono ile midomoni mpaka ilipotoka yenyewe. Kitenge kilikuwa kinaelea, kinajifungua taratibu kama ua.

"Huwa anakuambia nini?" aliuliza baadaye. "Nataka kusikia maneno yake."

Levina alikohoa, akameza mate, akayasema kwa sauti bapa isiyo yake. "Ukitega mchana mama yako atapotea njia. Ukibakisha wali, punje zitakulilia. Ukilala bila kunawa miguu, panya watakuja kukuhesabu vidole, na wakikosea hesabu wanaanza upya."

Hayo hayakuwa maneno ya Brigitha. Hayakuwa ya mfu yeyote wa Mahenge.

"Lakini hayo ni maneno yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye ninayekuambia hayo."

"Ndiyo. Ila wewe ukisema unacheka," Levina alisema. "Yeye hacheki."

Upepo ulipita juu ya maji. Bibi Verediana alimpangusa mtoto matope usoni kwa kanga ambayo nayo ilikuwa na matope, hivyo hakikusafika kitu.

"Nisikilize. Nilikudanganya," alisema. "Ukitega mchana hakuna mtu anayepotea. Tunawaambia watoto hivyo ili wasikae wanacheza wakati kuna kuni za kuokota. Basi. Hakuna kingine ndani yake."

Levina alimtazama kwa mashaka. "Nani alikuambia wewe?"

"Mama yangu."

"Na wewe ulitega mchana?"

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, rahisi. Lakini mtoto yule alikuwa amemtazama kwa macho ya Jane, na kwa umri wake wote Bibi Verediana hakuwahi kumwambia mtu jambo lile, si mumewe, si padri.

"Nilitega," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na dada yangu, chini ya uchaga wa mahindi, mchana hivi. Miezi miwili baadaye mama yangu akafa."

"Kwa hiyo ni kweli," alinong'ona Levina. "Alipotea." Akaanza kugeuka kuelekea majini.

Bibi alimshika mabega yote mawili. "Alikufa kwa uzazi. Mtoto alikaa vibaya tumboni, wakambeba kwa machela, njia ilikuwa ndefu na damu haikusubiri. Nilikuwepo. Niliyaona yote kwa macho yangu, na bado nikasema, ni mimi, ni kile kitendawili. Unajua kwa nini? Kwa sababu kama ni mimi, basi labda nikiwa mtoto mzuri sana atarudi." Hakumwachia mabega. "Miaka hamsini na tisa, Levina. Nimekuwa mtoto mzuri mpaka nimezeeka. Na hakurudi, kwa sababu haikuwa mimi."

Alikuwa anachezea kifungo cha blauzi ya bibi yake, anakizungusha.

"Na mama yangu mimi?" aliuliza.

"Sijui," alisema Bibi Verediana. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa jibu hilo. "Nilikuwa nakuambia yuko njiani, kumbe sijui. Maji yamekata barabara. Simu haishiki. Ninachojua ni kwamba barabara haikukatwa na wewe. Mvua ndiyo imefanya. Wewe uko chekechea unajifunza kuandika a, utavunja daraja la Mlimba saa ngapi?"

Levina alitoa sauti ndogo puani. Haikuwa kicheko bado.

"Huyo mwenzako yuko wapi sasa?"

"Palepale majini. Amekasirika."

"Mwambie atoke, atapata homa. Aje akae hapa, nataka kumtegea."

"Sasa hivi? Mchana?"

"Sasa hivi. Mchana wa saa hizi."

Walikaa wakimsubiri. Levina alifuata kitu kwa macho, taratibu, kutoka majini mpaka kwenye tuta, mpaka kwenye nyasi upande wa kushoto wa bibi yake, na Bibi Verediana akasogea kidogo kumpa nafasi. Vinyweleo vilimsimama mkono mzima, lakini alisogea.

"Kitendawili," alisema.

Levina alishika kanga ya bibi yake kwa nguvu. "Tega."

"Niko ng'ambo, maji yamenikatia njia. Simu yangu haina chaji. Nikipika namwekea mtu ambaye hayupo. Nikilala natamka jina moja. Mimi nani?"

"Mama," Levina alisema palepale, kabla hata hajajua kwamba amesema.

"Na yeye? Anasemaje?"

Mtoto aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Anasema hajui," alisema hatimaye, kwa mshangao. "Anajua vya kupotea tu."

"Basi ameshindwa. Atoe mji."

"Anasema..." Alimtazama bibi yake. "Anasema chukua Masagati."

Bibi Verediana alijiweka sawa, akaupokea mji ule kama inavyotakiwa. "Nimepanda treni, nimeshuka Mlimba, nimekwenda Masagati. Watu wa Masagati wamenipa kiti. Wamenipa wali mpya na maharage. Nimemkuta Jane amejifunga kitenge mpaka kifuani, ana matope mpaka hapa, anapalilia. Nimemwambia, Levina ameng'oka meno mawili. Akasema, ya juu au ya chini? Nikamwambia, ya juu. Akakaa chini kwenye tuta akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akaendelea na kazi."

"Umemwona kweli?"

"Hapana. Nimemfikiria tu."

"Na mimi namfikiria hivyohivyo," Levina alisema. "Ila ana kitenge kingine. Hiki nimekitupa majini."

Walikivuta kwa fimbo. Nyumbani walioshana matope kwenye beseni, na Levina akala vitumbua vitatu, cha nne akakiweka pembeni bila kueleza ni cha nani, na Bibi hakuuliza.

Habari za Jane zilifika siku ya kumi na moja, kwa mdomo wa mwanamke mmoja muuza maharage aliyetembea kwa miguu mpaka Mlimba ndipo akapata treni. Jane mzima. Fidelis alikuwa ameumwa homa, sasa anatembea. Daraja linawekwa magogo, maji yakipungua kidogo tu wanakuja wote. Muuza maharage alilazimika kulirudia jambo hilo mara tano, mara mbili kwa Bibi, mara mbili kwa Levina, na mara moja kwa Mwanasha aliyekuja na mwiko mkononi. Kisha alipewa mkeka mpya, ule uliokuwa haujamalizika pindo, akaondoka nao hivyohivyo.

Bibi Verediana alidhani yule mwingine naye angeondoka siku hiyo. Lakini kesho yake mchana, akiwa kwenye kivuli cha ukuta na kipande kipya cha ukili, Levina alitoka stoo kwa hatua za mtu anayemwongoza mgonjwa. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa tena pembeni. Safari hii ulikuwa chini zaidi. Aliyeushika, kama yupo, alikuwa wa kimo chake.

"Bibi," alisema. "Bibi wa Mchana amekuwa mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

"Ananizidi kidogo tu. Anaogopa kukaa stoo peke yake. Nimemuuliza anaogopa nini, anasema mama yake amekufa, na watu wote wako msibani, na hakuna mtu aliyemuuliza kama amekula."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na kinu. Kwa Mwanasha mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Bibi Verediana aliweka ukili chini. Akafungua mikono. Levina akakaa upande wa kulia, akamwegemea. Upande wa kushoto Bibi aliuacha wazi, mkono umepinda pale ambapo bega la mtoto wa miaka tisa lingekaa, na akakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

"Amekaa?" aliuliza.

"Amekaa," alisema Levina. "Anauliza kuna wali."

"Upo," Bibi Verediana alisema. "Mwambie upo mwingi."